Gari Lililobamizwa Lilikuwa Letu

"Tano... nne..."

Jamani, hapo ndipo nikaiona ile glavu!

Glavu ndogo ya kijani, aliyoifuma bibi yake, imelala kwenye kiti cha nyuma cha gari la majaribio. Naiona kwenye skrini. Ya mwanangu Tuva!

Kazi yangu hapa Göteborg, kwenye kituo cha kupima usalama wa magari, ni kuwapaka rangi usoni wanasesere wa majaribio, ili gari likibamizwa tujue kichwa kimegonga wapi. Gari lenyewe sikulikagua. Lilishaondolewa vibao vya namba na kubandikwa alama kila mahali.

Lakini ile glavu... Asubuhi mume wangu Torbjörn, bosi wa majaribio, aliondoka na Tuva kwa gari letu.

"Nampitisha chekechea, halafu naenda kufunga matairi ya majira ya baridi," alisema.

"Simamisheni! Mwanangu yumo!"

Nikarukia kitufe chekundu. Torbjörn, aliyesimama kando yangu, akanidaka mkono!

"Ylva, tulia!"

"Niache! Utaua mtoto!"

Puuuh!

Gari lilivaa ukuta kwa pembe moja tu, upande wa dereva, likazunguka kama pia. Nilikimbia huku nalia, nikang'ang'ana na mlango...

Vioo. Vumbi. Kiti cha nyuma kitupu.

"Tuva yuko chekechea, mke wangu. Nimemshusha mwenyewe."

Nilimzaba kofi mbele ya wafanyakazi wote!

"Umeiba gari langu uje kulivunja?"

"Lile walilotuletea watu wa kiwanda lilifaulu mno. Nikahisi wameliimarisha kwa siri. Nilitaka la kawaida, la mtaani."

"Si ungeniambia!"

"Ungekataa. Unalipenda kuliko mimi."

Nikafungua mdomo nimtukane... ndipo nikatazama kiti cha dereva.

Tairi lilikuwa limesukumwa hadi ndani, limeponda miguu ya mwanasesere. Mfuko wa hewa ulikuwa safi kabisa, yaani kichwa kiliukosa. Rangi yangu yote ya bluu ilikuwa kwenye nguzo ya mlango.

Na mwanasesere yule ni wa kimo cha mwanamke mfupi. Kimo changu. Jana tu nilikaa pale pale, naimba na Tuva.

Nikaiokota glavu ya Tuva, nikaibana kifuani...

Wapendwa, gari kufaulu likigongwa uso mzima hakutoshi. Ulizeni likigongwa pembeni inakuwaje, maana barabarani mtu anakuvaa pale unapojitahidi kumkwepa.

Torbjörn nimemsamehe. Ila ufunguo wa baiskeli yangu, nalala nao!