Ukurasa wa Kumtukana Binti Yangu

"Mama Fundi... huyu si binti yako?"

Mteja alininyooshea simu. Nusura sindano ya cherehani initoboe kidole!

Jamani, ilikuwa picha ya mwanangu. Kitinda mimba wangu, yuko kidato cha pili. Juu yake pameandikwa: "Meno sururu, uso chunusi. Anaishi ili iweje?"

Chini, vicheko kibao. Mmoja kaandika, "Atuondokee duniani, tupumue!"

Niliacha gauni la watu mezani. Mbio mpaka nyumbani!

Mshukiwa nilikuwa naye tayari: Kidomo, shoga wa binti yangu, wa nyumba ya pili. Katoto kana maneno kale! Nikajisemea, leo atanitambua.

Binti yangu alikuwa anaosha vyombo.

"Nani kakuanika hivi mtandaoni?"

Akazidi kusugua sufuria.

"Ni Kidomo, eeh? Nakwenda kwao sasa hivi!"

"Mama, usiende..."

"Nisiende? Lete simu yako! Nayapiga picha matusi yote, yafike kwa mwalimu mkuu!"

Akaing'ang'ania. Nikampokonya.

Ukurasa ulikuwa wazi. Juu kabisa niliona kitufe: "Chapisha kitu kipya."

Ndugu zangu, kitufe hicho humtokea mwenye ukurasa tu... Mwenye ukurasa alikuwa yeye mwenyewe!

"Mwanangu... unajitukana?"

Alilia huku mikono ina povu.

"Walianza wao, mama. Kwenye grupu la darasa, kila siku. Nikafungua huu ili nione kama yupo hata mmoja atakayesema, 'Acheni, inatosha.'"

"Akatokea?"

"Kidomo tu. Wakamgeukia na yeye, mpaka akanyamaza."

Aibu ilinivaa. Mtoto niliyetaka kwenda kumrarua ndiye pekee aliyemtetea wangu!

Nilikaa sakafuni, nikamkumbatia. Sikumfokea. Tuliufuta ukurasa, ila jumbe za grupu tukazihifadhi zote. Kesho yake tulikwenda shuleni watatu, na Kidomo. Wazazi wakaitwa. Wengine walibisha, "Ni utani wa watoto!" Mwalimu akawasomea jumbe za watoto wao kwa sauti. Hakuna aliyemaliza kusikiliza akiwa ameinua uso.

Binti yangu sasa anaongea na mshauri wa shule. Hajapona kabisa, lakini analala.

Mzazi mwenzangu, mtoto akianza kuficha simu, tanguliza sikio, mkono baadaye.

Na wewe uliyeweka kicheko ukapita zako, usiseme hukuandika kitu. Mwanangu alikuwa anakungoja wewe.