Kiko cha Amos Tregear

Nilitumwa kukagua mapipa ya maji, basi. Kazi ya kila jioni tukiwa baharini, na mimi ndiye niliyekuwa serahangi, mkuu wa kamba na mapipa.

Tulikuwa siku ya tatu kutoka bandari ya Nassau, upepo umekufa, meli yetu Kipanga imelala juu ya maji kama maiti. Watu walikuwa wamekaa pale mbele, chini ya mlingoti, penye ndoo ya mchanga na utambi unaofuka. Hapo ndipo pekee tuliporuhusiwa kuvuta kiko kisicho na kifuniko. Haramia anaweza kumtukana nahodha, anaweza kulala na bastola, lakini kiko chake hukivutia penye ndoo.

Lemuel Pascoe hakuwa na kiko. Alikuwa anatafuna tumbaku, shavu limemvimba.

"Wee Pascoe," msimamizi wetu Crowder akamwambia, "unacheua kama mbuzi."

"Mbuzi halipuki, mzee," Pascoe akajibu, akatema mate baharini. "Siku nyie mkipaa angani na moshi wenu, mimi nitabaki nacheua."

Watu wakacheka. Crowder akanigeukia. "Jabez, mapipa. Kandili yenye kioo, ukumbuke."

"Mimi wa kukumbushwa?" nikamfokea. Nina hasira za karibu, sifichi.

Na kweli sikuwa wa kukumbushwa. Kusoma nilijifundisha mwenyewe, mtu mzima, kwenye karatasi ya masharti yetu iliyopigiliwa mlingotini. Sentensi ya kwanza niliyoimaliza bila kusaidiwa ilikuwa sharti la sita. *Atakayevuta tumbaku chini ya sitaha kwa kiko kisicho na kifuniko, ataachwa mchangani.*

Nikashuka ngamani, kule tumboni mwa meli.

Chini kule hakuna mchana. Kuna uvundo wa maji yaliyooza, lami, panya. Nikapita mapipa, nikigonga moja moja kwa kifundo cha kidole, nikisikiliza lililojaa na lililopungua. La saba. La nane...

Nikasimama.

Tumbaku.

Siyo ile inayoganda kwenye nguo. Mbichi, inayowaka sasa hivi. Na ndani yake harufu tamu ya asali ya miwa na ganda la chungwa.

Vinywele vya shingo vikanisimama. Nilimjua mtu mmoja tu aliyekuwa akiloweka tumbaku yake hivyo.

"Nani huko?" nikanong'ona. Kupaza sauti sikuweza.

Maji yalikuwa yanadondoka mahali fulani. To... to... to... Kisha nikasikia meno yakigonga udongo wa kiko. Kisha kikohozi. Viwili vifupi, kama mtu anayebisha mlango asioutarajia kufunguliwa.

Mbele ya mlango wa chumba cha baruti pakatokea doa jekundu. Likakolea, likafifia, likakolea. Mtu anapovuta kiko gizani, kaa lake humulika pua na midomo. Lile halikumulika kitu.

Halikuwa na uso.

"Moto unao, mwenzangu?"

Nitasema sasa jambo ambalo mpaka jioni ile sikuwa nimemwambia mtu kwa miaka mitatu.

Kwetu baharini watu hufungana wawili wawili. Mwenza wako ni zaidi ya ndugu. Mnalala zamu kwenye kitanda kimoja cha kamba, mnavuta kiko kimoja, na mmoja akifa, vyake ni vya mwenzake. Mwenza wangu alikuwa Amos Tregear, mtu mpole, mwenye pengo la jino la mbele. Kiko kilikuwa chake. Mrija wake alikuwa ameuguguna kwa pengo lile mpaka ukawa na alama isiyofanana na ya mtu mwingine yeyote. Mwenye macho alikitambua hata kikiwa katikati ya viko mia.

Siku moja mvua ilinyesha kutwa. Sitahani kiko hakikuwaka. Amos alikuwa amelewa, amelala. Nikachukua kiko chake nikashuka nacho ngamani. Kifuniko kilikuwa kinabana moshi, nikakitoa nikatia mfukoni. Pumzi nne tu, nilijiambia.

Nikasinzia.

Niliposhtuka, rundo la matanga ya akiba lilikuwa linawaka, hatua kumi kutoka kwenye baruti. Nikakimbia juu nikipiga kelele za moto, na mimi ndiye niliyemwaga maji mengi kuliko wote. Wakanisifu. Kisha Crowder akainama kwenye majivu, akaokota kiko.

"Jabez. Kiko hiki cha nani?"

Nikasema, "Cha Amos."

Sikusema uongo. Miaka mitatu nilijibembeleza na hilo. Niliulizwa cha nani, nikajibu cha nani.

Amos mwenyewe alishika kichwa akasema, "Labda ni mimi. Nilikunywa. Sikumbuki." Akanitazama, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimkumbusha mambo aliyoyafanya akiwa amelewa. Nikatazama miguu yangu.

Tukamwacha kwenye fungu la mchanga lisilo na mti. Chupa ya maji, bastola yenye risasi moja. Akaomba kiko chake. Crowder akampa kiko na tumbaku ya kutosha juma zima. "Moto je?" Amos akauliza. Crowder akamwambia moto ameshautumia. Watu wakacheka.

Mimi nilikuwa kwenye kasia. Jiwe na chuma vya kuwashia moto vilikuwa mfukoni mwangu. Ningeweza kumrushia. Lakini wangejiuliza kwa nini namhurumia aliyetaka kutulipua. Tulipokuwa tunaondoka alitufuata majini mpaka kiunoni, kiko mdomoni, akiniita mimi, siyo wengine.

"Moto unao, mwenzangu?"

Kifuniko kilibaki kwangu. Juma lile lile nilikitupa baharini.

Haya. Ngamani.

Hofu kwangu hugeuka hasira. Niliirukia ile alama nyekundu, nikakamata. Mkono ukashika kiko. Cha baridi kama samaki. Kilikuwa kimelowa, na ndani yake mlikuwa na mchanga mbichi, umeshindiliwa. Hakuna kaa. Hakuna mtu. Lakini moshi ulikuwa unaniwasha macho.

Nikatia kiko ndani ya shati, nikapanda ngazi kama panya.

Juu nikakuta wote wamesimama. Moshi ulikuwa umenifuata mlangoni, mwembamba, mtamu. Crowder alipanua pua. Akashuka na watu wawili, wakarudi nyuso zimebadilika. Mlango wa chumba cha baruti ulikuwa na alama ya kuungua, duara dogo, jeusi, la moto.

"Nani alishuka kabla ya Jabez?"

Pascoe. Alikuwa ameshuka kuchukua biskuti.

"Mimi sina kiko!" Pascoe akasema. "Jamani, natafuna mimi! Mnaniona kila siku!"

"Asiye na kiko ndiye wa kuficha kiko," mtu mmoja akasema nyuma.

"Mbuzi alikuwa anatusubiri tupae," mwingine akasema.

Hakuna aliyecheka. Wakamkamata mikono. Alikuwa kijana wa watu, ana mama kwao Penzance anayemwandikia barua, na mimi ndiye niliyekuwa namsomea. Akanitazama mimi. "Serahangi, sema basi! Ulikuwa chini! Uliona nini?"

Crowder naye akanigeukia. "Jabez, wewe maneno yako huwa yamenyooka. Umekuta kiko?"

Kile kiko kilikuwa kinadondosha maji juu ya tumbo langu. Nilihisi mchanga ukishuka, chembe kwa chembe, mpaka kwenye mkanda. Na nyuma ya sikio langu, karibu kabisa, kikohozi.

Viwili vifupi.

Nikakitoa.

Crowder alikipokea. Akakigeuza kwenye mwanga, akaona alama ya pengo. Akapitisha kidole juu yake mara mbili, maana mkono huo ndio uliompa Amos kiko hicho kule mchangani.

"Kiko hiki," akasema polepole, "cha nani?"

"Cha Amos," nikasema. "Na siku ile aliyekivuta ni mimi."

Nikasema yote. Mvua, kifuniko, usingizi, jiwe na chuma mfukoni. Nilisema moja kwa moja, bila kuomba. Nilidhani ukweli ukichelewa unabaki kuwa ukweli. Upuuzi. Ukweli uliochelewa ni kama biskuti iliyokaa: unaugonga, mnatoka wadudu.

Crowder hakunipiga. Alisema tu, "Miaka mitatu umekula na mimi sahani moja."

Wakapiga kura ya kuniacha mchangani, kwa mikono, kama ilivyo desturi. Mikono yote iliinuka. Wa Pascoe haukuwa wa mwisho.

Kesho yake alfajiri upepo ulirudi wenyewe, na ukatupeleka pale pale. Fungu la mchanga lile lile. Chupa ya maji, bastola. Crowder akanishikisha kiko, na tumbaku ya juma zima.

"Moto sikuulizi," nikamwambia.

"Usiulize," akasema.

Kwenye kasia alikuwa Pascoe. Alikuwa anatafuna, anatazama pembeni. Mkono wake mmoja ulikuwa mfukoni, na nilijua alichoshika, maana jiwe na chuma vyangu mimi mwenyewe nilikuwa nimempa mwaka uliotangulia. Niliutazama ule mfuko. Akaona ninavyoutazama.

Akatoa mkono mtupu, akashika kasia.

Ningesema sikumlaumu, ingependeza. Nilimlaani mpaka sauti ikakauka.

Mchana ule nilizunguka lile fungu lote. Hatua mia mbili na arobaini. Mfupa wa Amos sikuuona, wala kiatu, wala kifungo. Kitu kimoja tu kilikuwepo, pale maji yanapoishia.

Kifuniko cha kiko. Kile nilichokitupa, baharini, safari ya siku nne kutoka hapo.

Jua likazama. Nikakaa na kiko kisichowaka mdomoni, meno yangu yakitafuta pa kushika kwenye alama ya pengo lake. Kisha ikaja. Asali ya miwa. Ganda la chungwa.

Mchanga ukabonyea kando yangu, kama mtu ameketi.

"Moto unao, mwenzangu?"

"Sina, Amos."

Maji yakaja, yakarudi.

"Kumbe unajua kujibu," akasema.

Hajasema neno lingine tena. Siku ya nane wavuvi wa kasa waliniokota, ulimi umevimba, siwezi kusimama. Walisema wasingelikaribia mafungu yale usiku, ila waliona moto. Vikaa viwili vidogo, vikikolea na kufifia, kimoja kikipisha kingine, kama wazee wawili wanaozungumza. Walinipandisha kwenye mashua, kisha mmoja wao akasimama akiangaza huku na huku.

"Mwenzako yuko wapi?"

Nikainamisha macho mkononi. Kiko changu kilikuwa na jivu.

Hiyo ni miaka miwili sasa. Nakaa Nassau, kibanda cha juu, nashona matanga ya watu. Chakula hakina ladha, lakini nilikaa na njaa sana, ndivyo ilivyo. Majirani hawanisalimu. Watu wa Nassau hawajawahi kuwa na adabu.

Juzi, jua linashuka, Pascoe alipanda kilima kuja kwangu. Amekonda. Shavu halina tumbaku. Hakuingia ndani, alisimama mbali na mlango.

"Kwenye Kipanga kuna mtu," akasema. "Chini, ngamani. Mwezi wa tatu sasa. Anaomba moto."

"Ni Amos," nikamwambia. "Mpe. Hataki kingine."

Akatikisa kichwa.

"Amos nilimjua, serahangi. Nilikuwepo alipoachwa. Huyu anatukana kwanza, ndipo anaomba." Akarudi hatua moja nyuma. "Sauti ni yako."

"Mimi niko hapa, mpumbavu wee!"

"Ndiyo maana nimepanda," akasema. "Nilitaka kuona." Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, na pale miguuni macho yake yakakaa. "Wale wavuvi wa kasa... unawajua majina? Umewaona tena?"

Nilimfukuza kwa matusi. Swali gani hilo la kumuuliza mtu mzima! Akashuka kilima mbio, akajikwaa, hakugeuka nyuma.

Pale alipokuwa akipatazama, chini ya miguu yangu, palikuwa na mchanga. Mbichi. Kibanda changu kiko juu ya mwamba.

Nikaufagia. Nikajaza kiko, nikajipapasa mifuko yote, kama ninavyojipapasa kila jioni. Nikatoka nje. Mzee mmoja muuza samaki alikuwa anapanda njia na kikapu chake, kiko kinafuka mdomoni. Sina ugomvi naye. Nikasogea, nikafungua kinywa nimpe salamu za jioni, basi, salamu tu kama watu wanavyosalimiana.

"Moto unao, mwenzangu?"

Kikapu kikaanguka. Alikuwa anatazama huku na huku, kila upande, isipokuwa hapa nilipo.