Timu Isiyotimiza Miaka Kumi na Saba

Saa moja asubuhi mashine ilianza kuwarudisha vijana duniani. Ilikuwa kazi ya dakika tisini, na Tumpe Mwakalinga aliifanya akiwa amesimama. Makasha ishirini na matatu ya kioo yalipangwa ukutani, na ndani ya kila kasha alilala mchezaji wa timu ya taifa ya vijana ya Jamhuri ya Maziwa, mwili baridi, moyo ukipiga mara moja kwa saa. Likaanza kuingia joto, ikafuata damu, kisha pumzi. Wa kwanza kukohoa alikuwa mlinda mlango. Akafuata winga wa kushoto, akatapika maji ya samawati, akauliza kama chai ipo.

Mashine hiyo iliitwa kisitishaumri, na ilizaliwa na aibu. Kwa miaka ishirini rekodi ya timu hii ilikuwa ya kumfanya mtu abadilishe mazungumzo. Walitolewa raundi ya kwanza mara saba. Mara ya nane walifika nusu fainali, kisomamifupa kikawaumbua: beki wa kati aliyeandikishwa kuwa na miaka kumi na sita alikuwa na ishirini na nne, na mkewe alikuwa jukwaani na mtoto mgongoni. Tangu kisomamifupa kilipoingia viwanjani, cheti cha kuzaliwa kilibaki karatasi ya kufungia maandazi. Sheria ikawa moja tu, kwamba mchezaji ni mtoto mpaka mifupa yake itimize miaka kumi na saba.

Hapo ndipo Daktari Mwombeki, mkuu wa kituo, alipopata wazo lake. Kama umri haudanganyiki, basi usimamishwe. Vijana walilazwa miaka miwili kati ya kombe na kombe, na mifupa yao ikalala pamoja nao. Wakiamshwa, walikaa macho siku ishirini na nne, wakafanya mazoezi, wakacheza, wakashinda, wakalazwa tena. Makombe matano mfululizo, mechi thelathini, hawajapoteza hata moja. Nchi zilizolalamika zilishindwa kesi, kisha zikaagiza makasha yao.

Kasha la saba lilikuwa la nahodha, Gwakisa Mwakalinga. Tumpe alikagua joto lake mara tatu, ingawa mara moja ilitosha. Kaka yake alifumbua macho.

"Tumpe," alisema. "Umenenepa."

"Nimekua, kaka. Nina miaka ishirini na miwili."

"Bado mdogo wangu tu." Akajaribu kuketi, akashindwa, akacheka. Alikuwa na miaka kumi na sita na chunusi mbili kidevuni, zile zile za miaka kumi iliyopita. "Mama hajambo? Yuko getini?"

Siku zote mama yao alikuwa getini. Alisafiri kutoka nyumbani kwao Ikuti na kikapu cha ndizi za kuchoma, akabishana na mlinzi mpaka akaruhusiwa kumshika mwanawe mkono.

"Safari hii hakuja," alisema Tumpe. "Miguu inamsumbua. Anaendelea."

Mama yao alikuwa kaburini mwezi wa kumi na nne sasa.

Uongo huo hakuubuni Tumpe. Kila mtu anajua kwamba msafiri hapewi habari ya msiba njiani. Huambiwa kuna mgonjwa, apande gari, na mengine atayakuta nyumbani. Ni desturi ya huruma, na Daktari Mwombeki aliifanya kanuni ya kazi. Habari za nyumbani zingoje filimbi ya mwisho. Wachezaji watatu walikuwa na misiba inayowangoja safari hii, na wote watatu walikuwa wakila uji kwa furaha.

Kwa siku ishirini na nne Tumpe hakupata usingizi wa maana. Alitembea korido za kambi, akahesabu taa, akanywa chai. Kila jioni Gwakisa alimtuma salamu nyumbani, na kila asubuhi Tumpe alimletea majibu aliyoyatunga mwenyewe. Mama anasema usikae na jezi mbichi. Mama anasema upunguze hasira uwanjani. Alikuwa mahiri katika kazi hiyo, na alijichukia.

Timu ilishinda. Fainali iliisha mabao mawili kwa moja, la pili likiwa la Gwakisa, kwa kichwa, dakika ya themanini na nane. Mechi thelathini na sita bila kupoteza. Vyumbani waliimba mpaka sauti zikakauka, na Daktari Mwombeki akaingia akiwa na kibao cha fomu.

"Haraka, wanangu. Nahodha, mifupa yako imebakiza siku ishirini na sita, na kombe lijalo linataka ishirini na nne. Una siku mbili za akiba. Tusizichezee." Akamgeukia Tumpe, akashusha sauti, lakini si vya kutosha. "Saini hapa. Mlezi."

Gwakisa alikuwa anavua viatu. Akaacha kimoja mguuni.

"Mlezi ni mama," alisema.

Winga wa kushoto aliendelea kuimba peke yake kidogo, kisha naye akanyamaza.

"Tumpe. Mlezi wangu ni mama."

"Kaka, twende nje."

"Nijibu hapa hapa."

"Mama alifariki," alisema Tumpe. "Mwaka jana, mwezi wa tatu. Moyo."

Gwakisa alikaa akitazama kile kiatu. Alipouliza, aliuliza kwa upole uliomtisha dada yake kuliko kelele.

"Nilikuwa wapi?"

"Umelala."

"Nani alisema nisiamshwe?"

Daktari Mwombeki alifungua mdomo, na Tumpe akamuwahi. "Niliulizwa mimi. Kukuamsha kungekula siku zako, kombe lijalo usingecheza. Nikasema ulale. Nilidhani nakuonea huruma."

"Daktari," alisema Gwakisa, "nataka kwenda nyumbani."

"Una haki hiyo, mwanangu, na pole sana. Siku mbili. Nenda, weka shada, urudi. Nchi inakutegemea, na hata wenzako. Hawa ndio ndugu zako sasa."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli, ndiyo maana liliuma. Rafiki zake wa shule walikuwa na vitambi na mikopo ya nyumba. Aliowajua duniani walikuwa wale ishirini na wawili waliosimama na taulo viunoni, na kesho kutwa wangerudi makashani.

Treni ya sumaku iliwafikisha milimani kwa saa mbili. Mkagua tiketi alimtazama Tumpe, akamtazama Gwakisa. "Huyu mdogo wako anasafiri kwa tiketi ya mtoto?" Tumpe alisema ndiyo. Gwakisa alitazama migomba ikipita dirishani mpaka wakashuka.

Ikuti walikuwa wamejiandaa. Habari ya kombe ilifika mapema kuliko treni, na njia yote kutoka stesheni watu walipiga makofi. Mwalimu mkuu alitoa hotuba fupi iliyochukua dakika ishirini. Nyumbani kwao ua ulijaa, ngoma zikapigwa, na mtu akampa Gwakisa kuku mikononi.

Alimrudisha kuku, akapita katikati yao, akaenda nyuma ya nyumba.

Kaburi lilikuwa pembeni ya migomba. Saruji ilishaanza kuota ukungu wa kijani, na jina la mama yao lilihitaji kufutwa vumbi ndipo lisomeke. Gwakisa alilifuta kwa mkono. Kisha akapiga magoti, akaweka paji la uso kwenye saruji, akalia kwa sauti, akimwita mama kama anavyoita mtoto aliyepotea sokoni.

Ngoma zikanyamaza moja moja. Watu walimfuata, wakasimama wakitazamana. Ndugu zangu, si kwamba walikuwa wakatili. Walikuwa wamekwisha kulia. Walimlilia mama huyu wiki nzima mwaka uliopita, wakachanga, wakapika, wakazika, wakagawana nguo zake, na kitenge chake kimoja kilikuwa pale pale uani, kimevaliwa na shangazi. Huzuni yao ilikuwa imepoa zamani. Kijana mmoja nyuma alinong'ona, "Si tumeleta ngoma za kombe?" na mwenzake akacheka kwa kukosa la kufanya.

Tumpe alipiga magoti karibu na kaka yake akajaribu kulia naye. Machozi hayakuja. Alikuwa ameyamaliza mwaka jana, na kumbe hakuna aliyebaki wa kumlilia mama pamoja na mwanawe wa kwanza. Hilo ndilo alilomnyang'anya. Mechi angezipata nyingine, au asingezipata. Watu wa kulia naye hakuwa nao tena.

Simu ilitetemeka mkononi mwake. Aliacha itetemeke.

Aliyesogea ni Mama Ipyana, jirani wa mlango wa pili, mwanamke mnene asiyejua mpira una timu ngapi. Alimtazama kijana yule muda mrefu. Kisha akaingia ndani ya nyumba ya marehemu bila kubisha, akatoka na mkeka, akautandika chini ya migomba, akajifunga khanga kiunoni.

"Nyie," aliwaambia wanawake wenzake, "kokeni moto. Tafuteni maharage. Na hizo ngoma zirudi zilikotoka."

"Lakini Mama Ipyana, tulishamaliza," alisema shangazi.

"Ulimaliza wewe. Kaa chini."

Shangazi alikaa. Akakaa na mwingine, na mwingine, wakimzunguka Gwakisa, mpaka mmoja akaanza wimbo wa kuzikia, taratibu, na wengine wakamwitikia. Mwalimu mkuu alivua kofia.

Simu ilitetemeka tena, na sasa Tumpe akasogea pembeni akaipokea.

"Mko wapi?" aliuliza Daktari Mwombeki. "Nimemwekea kasha tayari. Kesho jioni ndiyo mwisho, ukizidisha hapo mifupa yake haitafaa kwa kombe lijalo."

"Tuko msibani, Daktari."

"Msiba upi? Nilidhani mmekwenda kaburini tu. Msiba si ulikwisha mwaka jana?"

"Ulikwisha wetu," alisema Tumpe. "Wake umeanza leo."

"Utachukua siku ngapi?"

Tumpe alitazama mkekani. Gwakisa alikuwa ameegemea bega la Mama Ipyana, mabega yakimtikisika, na yule mama alikuwa akilia naye kweli, machozi yakimtiririka hadi shingoni.

"Sijui," alisema. "Hajawahi kufiwa."

Akazima simu, akavua viatu, akaenda kutafuta nafasi ya kukaa.