Pakiti ya Jumatatu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nyamizi alichota maji, akafagia ua, kisha akamwekea kaka yake, Masalu, uji mlangoni. Zamani Masalu alikuwa mchimbaji hodari kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu. Sasa alikuwa akijidunga unga wa kulevya, na mtaa mzima pale Katoro ulijua. Mwanzoni Nyamizi alilia sana. Baadaye moyo ukafa ganzi, akawa anapeleka uji tu.

Kila Jumatano nesi Wema alipita. Alichukua sindano zilizotumika, akazitia kwenye kasha gumu, akampa Masalu mpya. Nyamizi hakumpenda hata kidogo. Kwake yeye, nesi alikuwa anachochea moto. Basi Jumatatu moja, Masalu akiwa amelala, aliichukua pakiti ya sindano mpya akaitumbukiza chooni. Akikosa sindano, aliwaza, ataacha.

Wapi! Jioni hiyo Nyamizi alitumwa mashineni kusaga mahindi. Nyuma ya banda alimwona Masalu akijidunga kwa sindano aliyoazima kwa mwenzake, Donatus. Nyamizi hakusikia hofu wala uchungu. Alirudi na unga wa ugali, akaosha vyombo.

Jumatano asubuhi Masalu alimwambia nesi kwamba sindano zimepotea. Nyamizi alikuwa mlangoni na sare zake za shule.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba. Mbona hujaenda shule?"

"Hazikupotea. Nilizitupa chooni. Juzi jioni kaka katumia ya Donatus."

Mama yao alianza kumkaripia, lakini Wema alimzuia kwa mkono. "Subiri, Mama Masalu. Juzi jioni, saa sabini na mbili hazijapita; zikipita, dawa za kinga hazifanyi kazi. Masalu, twende kituo cha afya sasa hivi. Utapimwa, uanze dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI."

Masalu hakuinuka kwenye kigoda. Aliitazama mikono yake.

"Ile dawa ya kunywa uliyonitajia, ya kuachia unga," alisema polepole. "Nikiitaka, naipata?"

"Unaipata. Utainywa kliniki kila siku, mbele ya nesi, na si kazi ya wiki moja."

"Basi niandikie."

Masalu alimeza dawa za kinga siku ishirini na nane, na kliniki hakukosa. Baada ya miezi mitatu alipimwa tena: hakuwa na virusi. Ndipo Nyamizi alipomuuliza Wema swali lililomkaa rohoni.

"Kama ulitaka aache, kwa nini ulimpa sindano?"

"Sindano safi hazikumwanzisha unga, mwanangu. Zilimlinda, na zilimzoesha kunifungulia mlango. Aliyechoka huulizia tiba kwa mtu anayemwamini. Wewe ulikosea ulipozitupa bila kuuliza. Lakini ungenyamaza mpaka wiki iliyofuata, zile dawa za kinga zisingemfaa kitu. Ukweli nao una saa zake, Nyamizi. Wewe uliusema mapema."