Doa la Zafarani

Jambo la mwisho la kawaida kutokea nyumbani kwa Rémy lilikuwa kumwaga maji mlangoni, kama kila mtu wa mtaa wake hapa Bunia amwagavyo, ili kulaza vumbi. Maji hayo alikuwa ameoshea noti.

Yeye mwenyewe huwaonya wakusanyaji wenzake kwamba noti ya kale haioshwi: karatasi hulegea, wino hufifia, na mthamini hutambua papo hapo. Lakini hii, shilingi mia ya Uganda ya toleo la kwanza baada ya uhuru, ilikuwa na doa la manjano lililomkera kupita kiasi. Mthamini wa Kampala alikuwa ameziona picha zake na kuikataa kwa ajili ya doa hilo. Na Jumapili ilikuwa siku ya kuondoa matanga ya mkewe, Jeannine, aliyeianza albamu yao ya noti za kale na kufa akiacha mfuko mmoja mtupu, wa noti hii. Rémy aliapa kaburini kwamba ataujaza.

Mama muuza samaki wa Mahagi-Port, kando ya Ziwa Albert, aliyemuuzia noti, alikuwa amemwambia, "Ile doa uiache, papa. Usiiguse na maji." Rémy alitabasamu. Kumbe hata muuza samaki, alifikiri, anajua kanuni zetu.

Doa lilitoka lote. Akaikausha noti, akaitia katika mfuko wake wa albamu.

Kesho yake noti ilikuwa imelowa. Akaikausha kati ya vioo viwili. Ikalowa tena, na kurasa za albamu zilizopakana nayo zikaanza kuvimba. Akaihamishia albamu juu ya kabati, akalaumu mabati, akapanda kuyakagua kwa mikono yake, asikute tundu hata la sindano. Chumba kilinuka ziwa: matope, magamba, nyavu zilizooza. Jeannine aliogopa maji maisha yake yote. Hakuwahi kufika Ziwa Albert.

Jioni moja umeme ulipokatika, sauti ilimwita kutoka jikoni.

"Rémy, umefunga mlango?"

Ilikuwa ya Jeannine, na mkwaruzo wake ule mdogo wa kooni. Akaenda jikoni, sauti ikauliza chumbani. Akaenda chumbani, ikauliza sebuleni, maneno yaleyale, kama mgeni asiyejua mengine.

"Sema lingine," alisema, akipiga kiti teke. "Jeannine, hata moja tu!"

Vahwere, mdogo wake Jeannine, alikuwa amekuja kuandaa chakula cha matanga ya Jumapili. Alimvuta pembeni.

"Shemeji, weye unasemaga na nani kila jioni?"

"Hakuna mutu."

"Hakuna mutu, na alikuita nikisikia?" Alishusha sauti. "Ni dada yangu ule. Na iko harufu ya samaki humu, na miye sijapika samaki."

Aliwaita watu wa kikundi chake cha maombi. Walikemea mpaka makoo yakawakauka. Kiongozi wao alipoketi apumzike, swali likaulizwa kutoka chini ya kiti chake. Hawakurudi hata kuchukua Biblia walizosahau.

Ndipo Vahwere akamleta Mwalimu Sefu wa msikitini. Mzee huyo alisimama kizingitini, akanusa.

"Muliosha nini?"

Rémy alimpa noti, akamweleza habari ya doa la manjano. Mzee aliielekeza kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu.

"Hii haikuwa uchafu, papa. Ilikuwa zafarani. Siye tunaandikaga kombe na zafarani, tunaiosha, mugonjwa anakunywa ile maji. Lakini hii waliandika ili isioshwe. Walifungia humu kitu cha ziwa. Maji ulimwaga wapi?"

"Mulangoni."

"Basi ulikikaribisha mwenyewe."

"Ni muke wangu?"

"Hapana. Kinavaa sauti yenye kukosekana mu nyumba. Kikishapata sauti, kinatafuta mwili."

Vahwere alijishika koo.

Mwalimu alichovya kalamu katika zafarani, akaanza kuandika juu ya noti, na kadiri herufi zilivyosogea ndivyo harufu ya ziwa ilivyopanda, ikajaa puani na mdomoni, taa ya kibatari ikapungua bila kuguswa, sakafu ikatota chini ya nyayo zao, na Vahwere, aliyekuwa ameegemea ukuta, akaanza kuteleza taratibu, nywele zake zikichuruzika maji ambayo hakuna aliyemmwagia, taya lake likafunguka kuliko taya la mtu linavyoweza, na ulimi wake ukiwa umetulia kabisa, Jeannine akasema kutoka ndani yake:

"Rémy, umefunga mlango?"

Kisha, kwa mara ya kwanza, akaendelea.

"Rémy, niko—"

Mwalimu akamaliza herufi ya mwisho. Sauti ikakatika.

"Ngoja!" Rémy alimshika mkono. "Alikuwa anasema!"

"Hakuwa yeye," mzee alisema, akaifunga kalamu yake kitambaani. "Doa iko pale kama zamani. Usiioshe tena. Sasa kinamujua huyu mama, na mara ya pili hakitamuachilia."

Usiku ule nyumba ilikuwa kavu na kimya. Rémy hakulala. Aligeuza lile neno kichwani: niko wapi? Niko na nani? Niko baridi?

Asubuhi alichungulia chumba cha pili. Vahwere alikuwa bado amelala, amechoka, mdomo wazi kidogo. Rémy aliteka maji, akayapasha yawe vuguvugu. Akautia ufunguo mlango wa nje, akaujaribu kwa bega. Akaizamisha noti katika beseni, na kabla doa halijaanza kutawanyika, alijibu kwa sauti ya chini:

"Nimefunga."