Pua Iliyofundishwa

Kiti cha karibu na dirisha kilianza kunuka udongo uliolowa, na katika nyumba nzima aliyeisikia harufu hiyo alikuwa mwonjaji peke yake.

Mumewe, fundi cherehani, aliinama akaunusa mto wa kiti kwa haraka ya mtu anayetaka yaishe.

"Mke wangu, mimi nasikia sabuni tu. Hiyo kazi yako itakutia wazimu."

Kazi yenyewe ilikuwa kuonja maji kwenye mtambo unaosafisha maji ya mji. Waonjaji huwekewa vikombe vitatu vilivyofunikwa: viwili vina maji safi, kimoja kimetiwa harufu ya udongo kidogo mno, nao hukitafuta. Hakuna anayezaliwa akijua. Mwalimu wao, mzee waliyemwita Mapua kwa sababu ambayo kila aliyemwona uso aliielewa, humwanzisha mgeni kwa harufu nzito, kisha huipunguza siku hadi siku mpaka pua iweze kuishika hata ikiwa chembe. Ikishaishika, haiisahau tena. Mwonjaji alikuwa kiboko yao, na pua ile ndiyo iliyomlisha. Ndiyo maana aliogopa. Kama inanusa kisichokuwepo, basi imeharibika na kazi hana.

Akafanya alichozoea kufanya. Mumewe alipotoka, alimkalisha mezani binti yake, msichana mwenye pengo mdomoni na maswali yasiyokwisha, akampangia vikombe vitatu. Katika kimoja alikoroga udongo wa chungu cha maua, akauchuja. Mtoto akakosa, akacheka, akakosa tena. Mama akaongeza udongo, mtoto akapata. Akapunguza, akapunguza tena, na kufikia mchana mtoto alikuwa anakitambua kikombe akiwa amefumba macho, huku akijisifu.

Ghafla akageuka kutazama dirishani, kicheko kikamwishia.

"Mama, na kile kiti je?"

Mwonjaji nusura alie kwa furaha. Hakuwa mwehu. Pua yake ilikuwa nzima. Furaha hiyo ilidumu mpaka aliposikia kiti kikilia, akauona mto uliokuwa umebonyea ukiinuka polepole, kana kwamba aliyekuwa ameukalia amesimama.

Alimwacha mtoto kwa jirani, akakimbilia mtamboni. Mzee Mapua alimsikiliza bila kumkatiza, halafu akafunga mlango wa chumba cha kuonjea.

"Nani mwingine anaisikia?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Binti yangu."

"Aliijuaje?"

"Nilimfundisha, mzee. Kwa vikombe."

Mzee akakaa.

"Aliyenifundisha mimi naye alimfundisha mwanawe. Huyo wa kitini ni jini, mwanangu. Hukaa na anayemtambua, na akipata pua mpya huiacha ya zamani. Yule mtoto alikunywa maji kutwa, yasimtoshe. Walipomzika koo lilikuwa limejaa udongo, na hakuna aliyemwona akiula."

"Mbona hukutuambia?"

"Nilidhani jini alizikwa na yule mtoto. Nilijidanganya."

Mzee alimwita mganga, naye akaja nyumbani jioni hiyo hiyo, mtoto akiwa amesharudishwa kutoka kwa jirani. Alifukiza ubani kila chumba, akasoma, akanyunyiza maji kwenye pembe za ukuta, na kadiri alivyosoma ndivyo harufu ile ilivyozidi kumbana mwonjaji kifuani, ikipanda kutoka sakafuni, ikipita kwenye pazia, ikimzunguka mtoto aliyekuwa amemkumbatia na kumfunika kwa mikono miwili, mpaka akahisi ananyimwa pumzi kabisa, na papo hapo ikakatika.

"Amekwenda," mganga alisema, akijifuta jasho.

Mwonjaji akanusa kiti. Akanusa pazia, sakafu, nywele za mwanawe. Ubani, sabuni, basi. Akalia. Mumewe naye akasema kwamba kesho yeye mwenyewe atakwenda kuomba kazi ya kuonja maji, maana kumbe ni kazi ya mashujaa.

"Baba, nina kiu," mtoto alisema.

Akamiminiwa maji kutoka kwenye jagi, akanywa. Akaomba tena, akanywa. Aliporudisha kikombe mara ya tatu, kwenye kitako chake ndani palibaki tope jeusi, laini. Fundi akatazama ndani ya jagi. Maji yalikuwa meupe.

Mwonjaji akakileta kikombe puani. Hakusikia kitu.

"Mwanangu," alinong'ona, "ile harufu unaisikia wapi sasa?"

Mtoto akagusa koo lake. "Huku ndani."

Akakishika kidevu cha mwanawe, akakifungua kinywa, akanusa. Akanusa tena, kwa pua ile ile iliyokuwa haishindwi na chembe, na hakusikia chochote zaidi ya pumzi ya mtoto wake. Tangu sasa angekuwa na jini chumba kimoja asijue yuko wapi wala anafanya nini.

"Mama, niongezee."

Akamwongezea, kwa sababu mtoto alikuwa na kiu.