Chafya za Jasiri

Kila asubuhi Bertha, mama wa Loveness, huenda na mumewe Wilfred shambani kwao Mwera. Mbwa wao, Jasiri, hutangulia mbele. Nyani wakimsikia akibweka, hukimbilia msituni. Msimu huu mahindi yalikuwa yamebeba vizuri, na nyani walikuwa wakiyavizia.

Siku moja Jasiri alitoka katika majani marefu akipiga chafya mfululizo. Alijikuna pua kwa mguu, akaisugua chini.

"Ni mafua," alisema Wilfred. "Tumfukize, kama tunavyojifukiza sisi."

Bertha alichemsha mchaichai na majani ya mwarobaini. Walimfunika Jasiri kwa blanketi karibu na chungu chenye mvuke. Jasiri aliruka, akazunguka uani na blanketi mgongoni. Kuku walitawanyika.

Jirani yao, Mwatumu, alichungulia. "Mama Loveness! Leo mnapika mbwa?"

Wote walicheka. Jasiri akapiga chafya tena, na damu ikamtoka katika tundu moja la pua. Bertha aliacha kucheka.

"Tukimkosa huyu, mahindi tumewalimia nyani," alisema.

"Basi msikawie," alisema Mwatumu. "Mpelekeni kwa Daktari Tausi, aliyewatibu mbuzi wangu."

Tausi, daktari wa mifugo, alimpa Jasiri dawa ya usingizi, akammulika puani kwa tochi. Kwa koleo ndogo alitoa mbegu ya nyasi, nyembamba na yenye vinyweleo.

"Kumbe shamba limehamia puani!" Wilfred alishangaa.

"Mbwa hunusa kila kitu, Baba Loveness," alisema Tausi. "Chafya moja au mbili za vumbi au moshi si ugonjwa. Lakini akipiga chafya bila kukoma, akitoka damu au kamasi nzito, akivimba uso, akikataa chakula au akipumua kwa shida, mleteni upesi. Msimchokoe pua. Na msimfukize tena, mtamwunguza."

Jasiri alipumzika, akapona, akarudi shambani. Alibweka mara moja tu, nyani wakatimka.

Mahindi yalipokomaa, Bertha aliyachoma uani, akamkaribisha Mwatumu. Moshi ulimwingia Wilfred puani. "Chya!"

Bertha alichukua blanketi. "Baba Loveness, nichemshe mchaichai?"

"Ni moshi tu!" Wilfred alijitetea. "Moja au mbili si ugonjwa!"

Mwatumu alicheka hadi akashika mbavu. Lakini Jasiri, alipoliona lile blanketi, alitoka mbio hadi shambani.